Pazia zito kabla ya jiko la mkaa

Ikifika Juni, mkazi wa Njombe hana haja ya kusikiliza utabiri wa hali ya hewa. Koti linavaliwa hadi mezani, maji ya kunawa yanauma vidole, na watoto wanalala na soksi. Ukipanda Makete mambo yanazidi. Kwenye uwanda wa Kitulo, ulioko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kuna alfajiri ambazo sakitu hutanda juu ya majani ya viazi na kuyaunguza kabla jua halijachomoza. Mufindi, Rungwe, Mbeya na Sumbawanga nako wanaijua baridi hiyo, ambayo haiachii hadi Agosti.

Jioni inapoingia, nyumba nyingi za huko hufanya jambo moja. Jiko la mkaa lililomaliza kupika linabebwa kutoka uani, linawekwa katikati ya chumba, mlango unafungwa, familia inaota moto. Wengine hulala nalo. Na kila msimu wa baridi hazikosi habari za mtu, au mume na mke na watoto wao, waliokutwa asubuhi wamefariki chumbani, jiko likiwa pembeni mwa kitanda.

Kinachoua ni gesi ya kabonimonoksidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Ikivutwa, hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Aliye macho huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha miguu inaishiwa nguvu. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Mkaa uliokolea vizuri, mwekundu, usiotoa moshi, ndio watu wanaouamini kuwa hauna madhara, na ndio huo unaoingizwa ndani.

Nimeanza na jambo hili zito makusudi. Makala hii inahusu mapazia, na mapazia tumezoea kuyaweka kwenye fungu la urembo: rangi ya ukuta, rangi ya sofa, shughuli ya harusi au sikukuu. Katika nyumba ya nyanda za juu pazia ni kifaa cha kutunza joto, tena cha bei ndogo kuliko vingine vyote, na likitundikwa inavyopaswa hupunguza haja ya kuwasha kitu chochote. Tumezoea kuuliza joto tulipate wapi. Hatuulizi lile tulilonalo linatorokea wapi.

Na tulilonalo si haba. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi. Wazazi wawili na mtoto katika chumba kimoja hawako mbali na wati 200 kwa pamoja, usiku kucha, bila mkaa wala umeme. Sasa chukua chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7. Nje kuna nyuzi 6 na ndani tungependa ziwe 16. Dirisha la kioo kimoja lenye mita 1.2 kwa 1.2 litapoteza wati 80 hivi kwa tofauti hiyo. Lakini upepo unaopenya ukibadilisha hewa yote ya chumba mara 3 kwa saa, huo peke yake unaondoka na wati zinazokaribia 240. Yaani upepo wa kwenye penyo unabeba mara tatu ya kile kinachopita kwenye kioo, na unamaliza lote lililotoka kwenye miili ya watu hao watatu. Hapo bado kuta na bati havijahesabiwa.

Litazame dirisha lenyewe kwa karibu. Nyumba nyingi za miaka ya nyuma zina madirisha ya luva, vile vipande vya kioo vinavyolala kimoja juu ya kingine ndani ya fremu ya chuma, na mkono wa kufungulia pembeni. Hata ukiubana mkono huo hadi mwisho, kati ya kipande na kipande kunabaki mwanya. Kipande kimoja kikivunjika hupachikwa boksi, na boksi likilowa mvua mbili tatu linajikunja. Juu ya linta kuna matundu ya hewa. Fremu ya mbao iliyokauka imepinda na haikutani tena na mwenzake. Madirisha ya kisasa ya aluminiamu, ya kusukuma, yanaonekana yamefunga sawasawa, lakini njia yake ya chini ina vitundu vya kutolea maji ya mvua, na yale manyoya laini ya pembeni huchakaa na kulala baada ya miaka michache.

Kuna kipimo rahisi. Usiku wenye upepo, washa kijiti cha udi, kipitishe polepole kandokando ya fremu, kuanzia pembe ya chini kupanda juu. Moshi ukinyooka, hapo pamefunga. Ukiyumba kuelekea ndani, umeiona njia. Asiye na udi alowanishe mgongo wa kiganja. Ngozi yenye maji huhisi hata upepo mdogo. Mara nyingi utagundua kwamba upepo mkali kuliko wote unatokea pale plasta ilipoachana na fremu, wala hautoki kwenye kioo. Ziba hapo kwanza, kwa saruji kidogo au silikoni. Pazia halikukusudiwa kuzuia upepo unaolipeperusha kama bendera, na anayelitundika bila kuziba nyufa hizo atasema mapazia hayasaidii.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye kitambaa. Hewa inayogusa kioo cha baridi hupoa, inakuwa nzito, inashuka. Ukikaa jirani na dirisha lililofungwa kabisa na bado ukasikia ubaridi kwenye vifundo vya miguu, ni hewa hiyo imeshuka na kutambaa sakafuni. Pazia jepesi, fupi, lililoning'inia mbali na ukuta na kuwa wazi kwa juu, haliizuii hata kidogo. Hewa ya joto iliyojikusanya chini ya dari inaingia nyuma ya pazia kwa juu, inapozwa na kioo, inatokea chini. Mzunguko huo hausimami usiku kucha. Kazi tunayotaka pazia lifanye ni kuifungia hewa hiyo pale nyuma itulie, maana hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Ndiyo sababu namna ya kutundika ina uzito sawa na aina ya kitambaa, na pengine zaidi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian, kikifanya kazi kwa ajili ya taasisi ya Historic Scotland, kilipima dirisha la zamani la kioo kimoja la nchini Uskoti. Mapazia mazito peke yake yalipunguza joto linalotoroka kupitia kioo kwa asilimia 14. Pazia la kuviringisha la kisasa, asilimia 22. Vibao vya mbao vinavyofungwa kwa ndani, asilimia 51. Na vibao hivyo vilipofungwa pamoja na pazia la kuviringisha la mtindo wa kale na mapazia mazito, ikafika asilimia 62, karibu sawa na kuongeza kioo cha pili. Idara ya Nishati ya Marekani nayo inaeleza kwamba mapazia ya kawaida yakifungwa wakati wa baridi hupunguza upotevu wa joto la chumba hadi asilimia 10.

Mtu anaweza kuziona asilimia hizo ni ndogo. Ajue kwamba kipimo cha Uskoti kilihusu joto linalopita kwenye kioo, na kwetu adui mkubwa ni upepo, ambao pazia zito lililobana ukuta huuvunja nguvu kabla haujafika kitandani. Lakini mimi nimeguswa zaidi na ile asilimia 51 ya mbao. Nyumba nyingi za vijijini kwenye nyanda zetu za juu zilikuwa na madirisha ya mbao yanayofungwa jioni. Tulipohamia kwenye vioo tulipata mwanga wa mchana na tukapoteza kinga ya usiku. Hakuna sheria iliyotulazimisha kuchagua kimoja. Huko huko Njombe na Mufindi misonobari imejaa milimani, mbao zinapakiwa kwenye malori kwenda nchi nzima, na mafundi seremala hawahesabiki. Anayejenga leo anaweza kuwa na kioo nje na kibao cha mbao ndani, na pazia juu yake. Ningependa kuona mafundi wa huko wakikitoa kibao hicho kwa wateja kama jambo la kawaida.

Sasa namna ya kutundika. Bomba la pazia liwekwe juu ya fremu kwa sentimita 15 au zaidi, na lipite fremu kila upande kwa kiasi hicho hicho, ili kitambaa kilale ukutani badala ya kuishia pale pale upepo unapoanzia. Libane ukuta. Vile vishikizo virefu vinavyoliweka bomba mbali na ukuta vinapendeza machoni lakini vinaacha njia kubwa nyuma. Pazia la mwisho kila upande lifungwe kwenye ukuta wenyewe, kwa kulabu ndogo au msumari na pete, lisiachwe linapepea. Katikati, mapazia mawili yanapokutana, yapishane kwa upana wa kiganja. Chini yafike sakafuni na kuigusa, au kama kuna kizingiti kipana cha dirisha, yalale juu yake. Pazia linaloishia hewani, kati ya dirisha na sakafu, ndilo baya kuliko yote kwa kazi hii, na ndilo lililojaa kwenye nyumba zetu, kwa kuwa tunapima kitambaa kwa fedha iliyopo mfukoni.

Juu ndipo panaposahaulika. Zamani kwenye nyumba za watumishi wa serikali kulikuwa na boksi la mbao linalofunika bomba na vichwa vya mapazia, na wengi wamelibomoa wakidhani ni ushamba. Boksi lile linazuia hewa ya joto isiingie nyuma ya pazia. Ubao mmoja wa upana wa sentimita 15, uliolazwa juu ya bomba na kugongewa ukutani, unatosha. Asiyeweza ubao aviringishe kipande cha blanketi akilaze juu ya bomba hadi kiguse ukuta. Upindo wa chini nao uwe mzito: mafundi cherehani wanaojua kazi hushonea ndani yake mkufu mwembamba au vijifuko vidogo vya mchanga, na pazia linasimama wima hata upepo ukisukuma. Upana wa kitambaa uwe kama mara mbili ya dirisha, ili mikunjo ibaki, kwa sababu ndani ya kila mkunjo kuna hewa iliyotulia.

Kuhusu kitambaa, habari njema ni kwamba kinachofaa kipo sokoni tayari, na kimetoka kwenye baridi. Mapazia ya mtumba yanayouzwa Mwanjelwa jijini Mbeya, Memorial mjini Moshi, na ng'ambo ya mpaka Gikomba jijini Nairobi, mengi yalishonwa kwa ajili ya madirisha ya Ulaya. Ni mazito, mengi yana bitana nyuma, na mengine yana tabaka la tatu katikati ambalo huwezi kuliona mpaka ulishike. Mnunuzi wa mjini huyapita akitafuta yanayong'aa. Mkazi wa Makete anapaswa kuyakimbilia.

Ukilishika pazia sokoni, liinue kuelekea jua. Ukiona umbo la mkono wako kwa upande wa pili, liache. Kisha weka mdomo kwenye kitambaa, pulizia kwa nguvu huku kiganja kikiwa nyuma yake. Pumzi ikipita, upepo wa Julai utapita pia. Pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, mahameli, na vile vitambaa vya sofa vinafaa. Shiya haifai peke yake, ingawa ikikaa mbele au nyuma ya pazia zito inaongeza tabaka moja la hewa. Usilikate pazia refu kwa haraka, maana urefu huo unaoonekana umezidi ndio unaotakiwa. Na aliye na mapazia mepesi tayari, hana haja ya kuyatupa. Blanketi la zamani lililochakaa pembeni, likishonwa nyuma yake na fundi wa mtaani, linalifanya pazia hilo kuwa zito kwa gharama ya uzi na saa moja ya cherehani.

Mlango una kisa chake. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunapenda pazia la mlangoni, na asili ya desturi hii ya pwani inaeleweka: mlango unaachwa wazi ili upepo wa bahari uingie, na pazia linasitiri waliomo ndani. Ndiyo maana ni jepesi na linaishia juu ya sakafu. Limepanda mlima na watumishi, wafanyabiashara na maharusi, likafika Njombe na Nyahururu likiwa na umbo lile lile, mahali ambapo hakuna anayetaka upepo uingie. Huku linatakiwa liwe zito, liguse sakafu, lipite fremu pande zote, na litundikwe kwa ndani ya mlango uliofungwa. Kati ya sebule na korido ya vyumba ndipo linapofaa kuliko kwingine, kwa sababu linaifunga sebule ibaki na joto la watu waliokaa humo. Chini ya mlango wenyewe weka mfuko mrefu mwembamba wa kitambaa, uliojazwa mchanga au pumba za mpunga. Tambara lililosukumwa kwa mguu halikai. Kila anayepita analiburuta.

Nisiwape watu matumaini yasiyo ya kweli. Nyumba isiyo na dari, yenye bati tupu na uwazi kati ya ukuta na kenchi, haiwezi kuokolewa na mapazia. Joto hupanda, na bati la usiku wa Julai linalinyonya lote. Mwenye fedha ya kufanya jambo moja tu katika nyumba ya namna hiyo aanze na dari, hata kama ni ya magunia yaliyoshonwa na kuvutwa kwa misumari, kisha ndipo aende kwenye madirisha. Lakini hata kwa nyumba za mabati kitambaa kina ushahidi wake. Ingia katika vyumba vya mabati vya Kibera au Mathare, Nairobi, utakuta kuta zimevikwa mapazia meupe yenye nakshi kutoka juu hadi chini, na nyuma yake maboksi yaliyogongewa kwa misumari yenye vifuniko vya soda. Mgeni huona urembo. Mwenye chumba anajua kwamba bila tabaka hizo mbili, Julai ya Nairobi ingelala naye kitandani.

Pazia linahitaji mtu wa kulifunga na kulifungua kwa wakati. Wengi hufunga wanapokwenda kulala, saa nne usiku, joto la mchana likiwa limeshaondoka. Lifungwe jua linapozama, saa kumi na mbili na nusu. Asubuhi lifunguliwe mapema, na hapa kuna jambo ambalo wachache hulitilia maanani. Mikoa yetu ya kusini iko kusini mwa ikweta. Njombe iko karibu nyuzi 9. Mwezi Juni na Julai jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Kwa hiyo wakati wa baridi ni madirisha ya kaskazini, pamoja na ya mashariki asubuhi na ya magharibi alasiri, ndiyo yanayoingiza jua, na hayo yafunguliwe mapazia kutwa nzima, jua lipige sakafu. Ya kusini yanaweza kubaki yamefungwa, hasa chumba kisipotumika mchana. Anayechora ramani ya nyumba huko akumbuke kuiweka sebule kaskazini. Mapazia yatamsaidia mara mbili.

Kufungua asubuhi kuna sababu nyingine. Pumzi zetu zina maji, na maji hayo hutanda kama umande kwenye kioo kilichojificha nyuma ya pazia. Pazia likiachwa limefungwa siku mbili tatu, upande wa nyuma unapata ukungu mweusi, na ukungu huo ni adui wa mwenye pumu. Kioo kipanguswe, dirisha lifunguliwe, hewa ibadilike. Kifua kikuu bado kipo nchini, na chumba kinachofungwa usiku na mchana ndicho kinachokisambaza. Matundu ya hewa ya juu ya linta yasizibwe kabisa hata katika usiku wa baridi kali. Lengo ni kuondoa upepo unaopiga mwili, watu wabaki na hewa ya kuvuta.

Na hapa narudia kwa uzito wote: chumba kilichozibwa penyo na kutundikwa mapazia mazito hakiruhusiwi kuingizwa jiko la mkaa hata kwa dakika kumi. Penyo zile zilizokuwa zikikutesa kwa baridi ndizo zilizokuwa zikipunguza sumu. Ukiziziba na ukaendelea na jiko, umejiongezea hatari. Anayeamua kutumia mapazia aamue siku hiyo hiyo kwamba jiko linabaki nje. Vilevile mshumaa na koroboi vikae mbali na madirisha. Mapazia mengi ya dukani ni ya poliesta, ambayo ikishika moto inayeyuka na kudondoka ikiwaka.

Kuna wanaosema watanunua hita ya umeme. Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa. Mteja wa matumizi madogo, anayetakiwa asizidi uniti 75 kwa mwezi, akiiwasha saa 2 na nusu kila jioni anamaliza uniti zote 75 kwa siku 15, kabla hajawasha taa wala kupiga pasi. Na joto lake, katika chumba chenye mianya, linatoka nje pamoja na upepo. Kama lazima hita iwepo, mapazia yatangulie. Itawashwa muda mfupi na kuzimwa.

Hili linagusa pia mpango mkubwa wa nchi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi kupikia ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini kwenye nyanda za juu mkaa una kazi mbili: unapika, kisha unapasha watu joto. Mtungi wa gesi unafanya kazi ya kwanza tu. Mama wa Makete akipewa mtungi atapikia, na jioni atawasha mkaa kwa ajili ya baridi, na miti itaendelea kukatwa. Wanaosimamia mkakati huo wangefanya vema kuiona nyumba ya baridi kama sehemu ya tatizo: dari, nyufa, vibao vya madirisha, mapazia.

Msomaji wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa naye asidhani haya hayamhusu. Kwake pazia linafanya kazi iliyo kinyume. Jua la alasiri linalopiga kioo cha dirisha la magharibi linaingiza joto ambalo kiyoyozi kitapambana nalo hadi usiku. Idara ile ile ya Marekani inasema mapazia ya rangi ya wastani yenye mgongo mweupe wa plastiki yanaweza kupunguza joto linaloingia kwa asilimia 33. Kwa hiyo ya huko yawe na bitana nyeupe iliyoelekea nje, na yafungwe saa sita mchana kabla jua halijafika. Hata hivyo jua lizuiliwe nje ya kioo kwanza, kwa baraza, mti au kibao cha mbao, kama walivyofanya waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa kuta nene za mawe ya matumbawe. Likishapita kioo, sehemu yake kubwa imeshaingia ndani.

Nirudi milimani kwa neno moja kwa wenye nyumba za kupangisha. Mpangaji hawezi kubomoa plasta yako wala kubadilisha fremu. Wewe unaweza. Ziba nyufa za fremu, rudishia kioo kilichovunjika, weka bomba la pazia lililo imara na ubao juu yake. Gharama yake haifiki kodi ya miezi mingi, na mpangaji anayelala vizuri hahami. Na kwa kila mwenye familia: usisubiri Juni. Balo la mapazia linafunguliwa sokoni Machi na Aprili pia, wakati hakuna anayewaza baridi. Mwenye uwezo wa dirisha moja tu aanze na chumba wanacholala watoto, na usiku huo jiko la mkaa lilale nje.